Hongwe wa Ngerengere

Baba yangu alikuwa mtu wa pwani ya kusini, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa na ganzi tangu alipochomwa na hongwe, kabla hata hajajua kuwa kuna mji unaitwa Morogoro. Aliweza kuokota kaa la moto kwa vidole hivyo akawashia sigara bila kukunja uso. Sisi watoto tulipenda kumwona akifanya hivyo. Yeye hakupenda. Kila alipovitazama vidole vile alimkumbuka samaki.

Hongwe ni ndugu wa kambale anayeishi baharini. Ana ndevu, hana magamba, anatoa ute unaong'ang'ania mshipi kama uji uliopoa, na ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, anayoisimamisha pindi anapotolewa majini. Habari zake baba alitusimulia mara nyingi kuliko habari za wazazi wake. Umeamka alfajiri, una chambo chako kizuri cha ngisi, unamtaka changu au chewa. Mshipi unavutwa, moyo unakudunda, unavuta, unavuta, na anayetokea ni hongwe, anakoroma. Chambo kimekwenda. Ndoana ameimeza mpaka tumboni, na ukiingiza mkono kuitoa anakuchoma. Ukimpeleka sokoni hakuna anayegeuza shingo. Wapo waliomla, baba alikiri, lakini si nyumbani kwao.

Wavuvi wa mshipi wa kwao walikuwa na utaratibu. Hongwe harudishwi majini, maana ukimrudisha atakuja kula chambo chako tena. Anatupwa nyuma ya bega, mbali na maji, na aliyemtupa hageuki kumtazama. Utaratibu huo baba aliuhama nao mzima mzima, pamoja na kasha lake la ndoana, alipopata kazi ya ufundi kwenye karakana moja mjini. Akamwoa mama, Mluguru wa Bigwa, akajenga kwenye ardhi ya ukoo wa mama, kwa sababu kwetu ardhi hufuata upande wa mama, na mwanamume aliyetoka mbali hana pa kuinamia jembe isipokuwa kwa mkewe. Jambo hilo lilimkera kidogo kidogo maisha yake yote. Shamba lilikuwa la wakwe, kiwanja cha wakwe, hata migomba ilikuwa na wajomba zetu wa kuisemea. Uvuvi peke yake ndio ulikuwa wake.

Kwa hiyo siku za mapumziko alipanda baiskeli akateremka Ngerengere. Ngerengere si bahari. Kiangazi kuna mahali unavuka bila kupandisha nguo. Lakini ina vidimbwi virefu chini ya matete, na humo mna perege na kambale. Vijana wa huku humvua perege kwa ndoana ndogo, kidonge cha ugali, na kipande cha bua kinachoelea juu ya maji. Baba aliwaona, akawacheka. Yeye alivua kama yuko mwambani: ndoana kubwa, utumbo wa kuku, na chubwi, yaani kipande cha risasi cha kukipeleka chambo mpaka chini kabisa. Na chini kabisa ya Ngerengere, ndani ya tope, ndipo kambale anapokaa.

Akawa anapata kambale. Alirudi na mshipi uliojaa ute, kikapu kitupu, na uso wa mtu aliyetukanwa njiani. Mama alimuuliza kwa upole kama amepata. "Hongwe tena," alisema, akaegemeza baiskeli ukutani. Hakuwahi kumwita kambale. Tulipokuwa wadogo tulidhani mto ule una samaki wa baharini.

Kambale aliowatupa nyuma ya bega hawakuoza. Jirani yetu, mwanamke wa rika la mama, alikuwa na bustani ya mchicha na majimbi karibu na mto, na kila baba alipomaliza kuvua, jirani alipita nyuma yake akiokota. Baba alijua. Alisema mwacheni ale, kila mtu na tumbo lake. Jikoni kwa jirani kulikuwa na kichanja juu ya mafiga ambacho hakikukosa kambale waliokunjwa mkia mdomoni, weusi kwa moshi, na upepo wa jioni ulituletea harufu yao mpaka uani kwetu.

Jirani huyo alikuwa mtani wa mama. Koo zetu huku zina watani wao, na ukoo wake na ukoo wa mama zilikuwa zimetaniana tangu zamani. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua kuku, akakuambia una miguu kama ya mende, akakaa kwenye kiti chako, nawe huruhusiwi kununa. Alimwita baba Mzee wa Chumvi. Alimwambia mbele za watu kwamba tangu aje Morogoro samaki pekee aliyewahi kumpata ni mama yetu, na huyo naye alijipeleka mwenyewe. Baba alivumilia. Kwao pia kulikuwa na watani.

Nyumbani kwetu kambale hakuingia. Mama ndiye aliyekuwa mkali wa sheria hiyo kuliko hata mwenye sheria. Dada yake aliyeolewa Mgeta alishuka siku moja kwenye lori la kabichi, akamletea kambale mkavu wa kununua njiani, ambaye kwa watu wa mlimani ni zawadi ya heshima. Mama alimpokea kwa mikono miwili, akasubiri mgeni aondoke, kisha akampeleka yule samaki kwa jirani. "Kwetu hatuli hao," alituambia aliporudi, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa kisiwani, yeye ambaye bahari hakuwahi kuiona. Nakumbuka mikono yake ilinukia majani ya mlimau. Aliporudi kutoka kwa jirani mara nyingi ilinukia hivyo, kwa kuwa njia ilipita karibu na mlimau, na mimi sikuona cha kuuliza.

Mama aliugua mwaka ule wa ukame, tulipokuwa tukipanga foleni duka la kijiji kungojea unga wa njano, wa mahindi ya msaada. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Mzumbe, nikaomba ruhusa nikarudi nyumbani kumuuguza. Nilimkuta amekonda mikono na amevimba tumbo. Hospitalini walimlaza, wakampima, wakamlaza tena, kisha daktari akatuita mimi na baba pembeni akatuambia tumrudishe nyumbani, tumpe anachotaka. Alisema kwa upole. Nilielewa, na baba naye alielewa, ila yeye alilishika lile neno la mwisho kama kwamba ni dawa aliyoandikiwa.

Akamuuliza mama anataka nini. Mama alikuwa anarudisha kila kitu, uji wa njano, ndizi za kupondwa, hata chai. Akasema labda mchuzi wa samaki.

Nilimwona baba akinyooka mgongo. Mkewe anataka samaki, na yeye ni mvuvi. Katika nyumba ile, juu ya ardhi ile ya watu, hatimaye kulikuwa na kitu kinachotakiwa ambacho ni yeye tu aliyejua kukitafuta. Alitoa kasha lake akanoa ndoana kwa tupa mpaka jua likazama. Akamwambia mama atamletea samaki wa maana.

Basi akawa anakwenda kila siku. Alikuwa amestaafu tayari, hakuwa na wa kumzuia. Siku za kazi ya ujamaa alimwomba balozi wa nyumba kumi amsamehe shamba la kijiji kwa ajili ya mgonjwa, na balozi akamsamehe. Ukame ulikuwa umeupunguza mto ukawa vidimbwi vya tope. Perege hawapendi maji ya namna hiyo. Kambale hawajali. Baba alitupa chubwi yake, akavuta kambale, akamtupa nyuma ya bega, akatupa tena. Jirani aliyekuwa akipalilia majimbi yake aliniambia kwamba hajawahi kuona siku kama zile, walikuwa wakubwa, wamenona, wamekusanyika mahali pamoja kwa kukosa maji. Alikuwa amebeba tenga, na tenga lilikuwa zito.

Nyumbani mama alikuwa akisikiliza baiskeli. Aliifahamu kwa mlio wa mnyororo. Nilikuwa nikimgeuza upande mmoja, nikamgeuza upande mwingine, nikamfuta, nikampa maji kwa kijiko. Nilifanya hivyo kama ninavyofuta ubao. Nilikuwa nimekwisha kufa ganzi wakati ule, na sioni haja ya kujisingizia machozi ambayo sikuwa nayo. Watu walikuja kumwona, wakanipa pole, nikasema asante, nimeshapoa. Mnyororo ulipolia barabarani mama alifumbua macho. Baba aliingia akasimama mlangoni, mikono inateleza kwa ute, akasema ni hongwe tu leo, kesho tutaona. Mama alisema pole. Akafumba macho tena.

Jirani alikuja kila alasiri, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Alimtania mama kama vile hakuna aliyekuwa mgonjwa. Alimuuliza akifa nani atamfulia yule mzee fulana zake za chumvi. Alimwambia asijidanganye, kaburi lake atalichimba fupi, miguu ibaki nje, mbwa wapate kazi. Mama alicheka mpaka nikamshika mgongo. Kisha waliongea kwa sauti ya chini, kwa Kiluguru, mimi nikiwa nje nachemsha maji. Nilimsikia jirani akiuliza kitu, mama akikataa, jirani akiuliza tena. Alitoka amekunja midomo. Alipopita karibu nami alisonya, na hakunitazama.

Jioni hizo moshi wa jikoni kwake ulikuja kama kawaida. Mama aligeuza uso wake dirishani ulikotokea. Siku moja baba alikuwapo, akaona jinsi anavyovuta pumzi, akainuka akafunga dirisha ili moshi usimsumbue. Mama alimshukuru.

Mwishowe nilikasirika. Nina hasira za karibu, naziona zinakuja lakini siwezi kuzikwepa. Nilimfuata baba uani akifua mshipi wake kwa majivu, nikamwambia kwamba amlete huyo huyo anayempata. Samaki ni samaki, nikasema, mgonjwa anataka mchuzi, hataki sifa. Alimaliza kuukunja mshipi kwenye kijiti chake.

"Mama yako tangu nimuoe hajala uchafu nyumbani kwangu," alisema. "Nimlishe leo, hali hii? Aondoke duniani akijua nilishindwa mpaka nikampa hongwe?"

Ilikuwa kweli kwamba mama hali kambale, alituambia mwenyewe mara ngapi. Hata hivyo niliingia ndani nikamuuliza. Nilimwambia mama, kuna kambale wengi, nikupikie? Alinitazama. Alikuwa na macho makubwa siku zile, uso wote ulikuwa macho. Aliuliza baba yuko wapi. Nikasema uani. Akasema nimwache baba yangu, ana samaki wake anayemtafuta.

Basi nilimwacha. Perege alipatikana siku moja, mmoja, kimo cha kiganja cha mtoto, na hata huyo alinaswa kwa ndoana pembeni ya pezi, si kwa mdomo. Baba alimleta amefungwa kwenye jani la mgomba. Nilimpika kwa kitunguu na nyanya, nikamchuja miiba. Mama alikunywa kijiko, akanywa kingine, akasema ni mtamu, inatosha, baba ale uliobaki. Baba hakula. Alikaa na bakuli mapajani mpaka mchuzi ukapoa. Siku ile alikuwa na furaha na sikutaka kumtazama.

Mama alifariki asubuhi, baba akiwa mtoni. Jirani alikuwa amekuja na kuni. Alimfunga taya na miguu, akanituma nikaite wajomba, na mimi nikaenda, nikiwasalimu watu njiani, shikamoo, marahaba, hatujambo. Niliporudi baiskeli ilikuwa imelala chini katikati ya uwanja, gurudumu moja bado linazunguka.

Alizikwa alasiri ile ile. Sisi wanawake tulibaki nyumbani. Waliotoka makaburini walisema watani waliochimba kaburi walifanya kazi yao sawasawa, na mmoja wao alilala ndani ya shimo, akasema pazuri, hatoki mpaka apewe kuku, na wajomba wakampa. Watu walisimulia hilo wakicheka na kufuta macho. Mimi nilikaa kwenye mkeka. Shangazi zangu upande wa baba walikuwa mbali, hawakuwahi, na ndugu wa mama walinizunguka wakilia, wakinitazama pembeni waone kama mwalimu naye analia. Sikulia. Nilihesabiwa kuwa nina moyo mgumu. Ukweli ni kwamba niliwaona wote kama watu walio ng'ambo ya mto, midomo inafunguka na kufungika.

Siku ya kuondoa matanga watu walijaa uani. Wanaume walikaa mikekani upande wa barabara, baba katikati yao akiwa na kanzu iliyopigwa pasi. Wanawake tulikaa upande wa jiko. Kisomo kilikwisha, wali ukaliwa, ndipo watani wakaingia.

Kwanza alikuja kijana wa ukoo wa jirani amevaa kofia ya baba ya kuvulia, sijui aliipata wapi. Alikuwa na fimbo yenye kamba, na mwisho wa kamba amefunga katambuga, kile kiatu cha tairi, kilichochakaa. Alitembea kama baba, kifua mbele, miguu nje. Akachuchumaa mbele ya beseni la maji machafu ya vyombo, akatumbukiza katambuga, akangojea, akapangusa jasho, akavuta. Katambuga ikatoka inachuruzika. "Hongwe tena," akasema, kwa sauti ile ile, kwa lafudhi ile ile ya pwani, na akaitupa nyuma ya bega bila kugeuka. Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. Hata wazee waliokuwa karibu na baba walicheka, wakimpiga bega. Baba alitabasamu. Alijua kwamba siku ile ni ya watani.

Kisha jirani akatokea jikoni kwetu. Alikuwa amejifunga kanga ya mama, ile ya maua ya zambarau aliyokuwa akivaa akienda kisomo cha watu wazima. Aliiga jinsi mama alivyotembea, mkono mmoja kiunoni. Watu walitulia kidogo. Akanyata nyuma ya yule mvuvi, akatazama huku, akatazama kule, akaiokota katambuga akaificha chini ya kanga. Akakimbia mpaka mlangoni pa jiko, akasimama pale akitazama njia, akaitoa, akaitafuna. Alitafuna kwa haraka, akilamba vidole, akitoa miiba mdomoni na kuitupa majivuni, na kila alipomeza alichungulia barabarani kuona kama baiskeli inakuja. Alipomaliza alichomoa majani ya mlimau aliyokuwa ameyachomeka kiunoni, akayasugua mikononi, akanusa vidole kimoja kimoja. Akarudi akaketi mkekani, akakunja miguu kama bibi harusi.

"Kwetu hatuli hao," akasema.

Ilikuwa sauti ya mama. Wanawake wakaanguka kwa kicheko, wakashikana, mmoja akamwaga chai, na kutokana na jinsi baadhi yao walivyocheka nilijua kwamba walikuwa wakijua muda wote. Mimi pia nilicheka. Kilinitoka tu, kicheko kikubwa, na kilipokwisha sikuwa na kitu kingine nyuma yake.

Nilimtazama baba. Alikuwa bado anatabasamu, maana mtani hanuniwi, lakini alikuwa ameinua mkono wake wa kulia karibu na pua, vile vidole viwili visivyohisi kitu, na nadhani alikuwa anatafuta harufu ya mlimau. Alikaa hivyo mpaka watu wakaanza kuagana. Alimpa jirani mkono kama alivyowapa wengine, naye akamwambia pole Mzee wa Chumvi, safari hii akiwa na machozi.

Nilibaki nyumbani mpaka ruhusa yangu ikaisha, nikaomba nyingine. Hatukulizungumza jambo lile. Baba alilima kidogo, akasikiliza redio ikihimiza watu kulima zaidi, akalala mapema. Kasha la ndoana lilikuwa juu ya kabati. Mvua za kwanza ziliponyesha alilishusha, akatoka na baiskeli bila kuniaga. Nilidhani hatarudi na kitu.

Alirudi na kambale. Alikuwa amemfunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, ndani ya gunia lililolowa, mzima bado, anachezesha ndevu. Nilimuuliza, hongwe?

"Kambale," baba alisema.

Hakujua kumtengeneza. Mvuvi wa miaka yote ile hakujua pa kumshikia, samaki akateleza mikononi mwake mara baada ya mara, akaanguka mchangani, akachukuliwa tena. Nilitaka kusaidia, akanikatalia. Mwishowe alimmwagia majivu kama alivyokuwa akiufulia mshipi wake, akamsugua mpaka ute ukatoka na ngozi ikakwaruza. Mwiba ulimchoma kwenye moja ya vile vidole viwili, damu ikatoka, naye hakuwa na habari mpaka nilipomwonyesha. Akampasua, akamwosha, akanipa.

Nilipika kwa kitunguu, nyanya na nazi nusu. Nikasonga ugali wa unga ule wa njano. Nilipoandaa, baba hakukaa. Alisimama kando ya jamvi akitazama bakuli, mikono nyuma, kama mgeni asiyejua wenyeji wanaanzaje.

"Alikuwa akimla na nini?" aliniuliza.

Nikasema sijui. Akasema nikamuulize mtani.

Nilifuata ile njia ya mlimau. Jirani alikuwa jikoni kwake, kichanja kimejaa. Nilimwamkia, akaniitikia, nikamwuliza kama nilivyotumwa, mama alikuwa akimla kambale na nini. Aliacha kupuliza moto. Nadhani alifikiri namtania, akaona uso wangu, akaona si utani.

"Na nini, mwanangu? Na mikono," alisema. "Amesimama hapo mlangoni, anatazama njia. Namwambia keti ndugu yangu nikusongee ugali, anasema mzee atarudi. Miaka yote hiyo sijapata kumwona ameketi."

Akanionyesha mahali. Ilikuwa kizingiti cha udongo kilichopondeka katikati, kama kizingiti chochote. Nikamshukuru nikarudi.

Baba alikuwa amesimama vile vile. Aliuliza, amesemaje? Nikamwambia alikuwa akimla na ugali. Nikamwambia ameketi kwenye kigoda, anakula taratibu, na wakimaliza wanaongea.

Baba aliitikia kwa kichwa. Akavuta kigoda, akaketi, akanawa, akamega ugali. Alikula taratibu, akipanga miiba ukingoni mwa sahani. Alipofika katikati alisema ni mtamu, kisha akaendelea kula.

Mimi sehemu yangu nililia jikoni. Nilisimama mlangoni, nikitazama njia.